Mkamwana wa Bujonde Ugirikini

Catheline ni mtoto wa mama yangu mkubwa, na tangu ana meno ya utoto alikuwa na ugonjwa mmoja: kuuliza. Wenzake wakitumwa maji wanaleta maji. Yeye analeta maji na swali. Kwa nini mpunga unapenda kusimama majini na mahindi hayapendi? Kwa nini punje ya kakao ni chungu na utelezi wake ni mtamu? Mwinjilisti alipotufundisha habari za Yona tumboni mwa samaki, mtoto akanyoosha kidole: "Alikuwa anakojoa wapi?" Akachapwa. Jumapili iliyofuata akanyoosha tena, maana jibu alikuwa hajapewa.

Alimaliza la saba hapo hapo kijijini kwetu Bujonde, hakuchaguliwa, kama wengi wetu. Akaenda bandarini Itungi kuwapikia abiria wa meli wali na samaki wa ziwani, mbasa wa kukaanga, halafu akapata kazi ya jikoni kwenye nyumba ya wageni ufukweni Matema. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila mwenye mtaji alifungua duka, kila mwenye duka akajiita kampuni, na wazungu wakaanza kuja na mabegi yao mgongoni kulala juani kama usipa, dagaa wa kwetu, walioanikwa. Catheline aliwapikia na kuwauliza. Kwenu hakuna jua? Mkeo umemwacha wapi? Kiingereza chake kilitoka hapo, Kiingereza cha sufuria na maswali.

Ndipo akaja Lefteris. Alikuwa Mgiriki, fundi wa injini, aliyeletwa na kampuni moja kutengeneza mashine za meli bandarini. Watu wa Itungi jina liliwashinda, wakamwita Eleuteli. Kiswahili alikiokota kwa makuli, kwa hiyo kilikuwa na matusi mengi kuliko viunganishi. Jumamosi alikuja Matema kula samaki, na Catheline akamwona anafyonza kichwa cha mbasa mpaka kwenye mashavu.

"Wewe mzungu, nani amekufundisha kula kichwa?"

"Kwetu kisiwani, anayeacha kichwa hana mama," akajibu.

Basi. Mwaka haukuisha wakaoana bomani Kyela. Ng'ombe wa mahari aliwaswaga mwenyewe kutoka mnadani, na nusu ya mji ilitoka kumtazama mzungu anayekimbizwa na ndama.

Sasa, kwa msomaji asiye wa kwetu, lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mengine yote yatakuwa kichekesho tu. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe. Si kwamba anamchukia. Akimwona anakuja njiani, mwanamke anaingia kwenye mahindi mpaka mzee apite. Hali naye, haketi naye, jina lake halitaji. Kinyakyusa tunasema ukutila, yaani kuogopa kwa heshima. Wa mjini siku hizi wamelegeza, wengine wanapeana na mikono kabisa, lakini nyumbani kwa mama mkubwa hakikuwa kimelegezwa kitu. Na kwao walilifunga jambo hilo na tumbo: mkamwana akimkodolea mkwe macho, mimba haikai.

Catheline aliuliza kila kitu chini ya mbingu, hilo hakuliuliza. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka. Ya pili ndiyo ilikuwa inaanza kujishika pale Lefteris aliposema, "Twende kwetu. Wazazi wangu wazee, wanataka kukuona."

Mama mkubwa hakumkataza. Alimshika tu mkono mlangoni. "Nenda, mwanangu. Lakini yule mzee usimtazame. Gwe Catheline, unanisikia? Hili tumbo nalitaka."

"Nimesikia, mama."

Na kweli alisikia, kupita kiasi. Lefteris alipotoa picha ya baba yake, akafumba macho. Alipotaka kumwambia jina la mzee, akaziba masikio. Alipoanza kusimulia mzee anafanya kazi gani, akatoka nje. Lefteris alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia asiwe na wasiwasi, wakifika atamweleza baba yake mwenyewe.

Shamsa, mfanyabiashara wa mitumba pale sokoni Kyela, ndiye aliyemvalisha. "Ulaya ni barafu, shoga. Chukua hili koti." Koti lenyewe lilikuwa zito kama kifo cha tajiri. Catheline akalibeba mpaka Dar, akapanda nalo ndege, akashuka nalo Ugiriki mwezi wa saba, kwenye joto ambalo Kyela ya Novemba ingelisalimia kwa heshima.

Walipofika bandari kubwa, Lefteris akakamatwa na kazi: meli ya mtu imekufa mashine, asaidie kwanza kama wiki moja. Akampandisha mkewe kwenye meli ya visiwani.

"Mama atakupokea gatini."

"Na yule?"

"Yule nani?"

"Yule nisiyemtaja."

"Nitapiga simu, nitawaambia."

Simu alipiga. Lakini kijiji kizima kilikuwa na simu moja kwenye duka la kahawa, inakwaruza kama kuku kwenye bati, na alichosema ni kwamba mkewe ana haya, wasimsumbue. Mambo ya mkwe aliona ni mchezo. Wanaume.

Meli ilishusha mlango wake kwenye gati, Catheline akatoka na koti lake. Kijiji kilikuwa kidogo kuliko Matema. Nyumba nyeupe zimepangwa mlimani kama vikombe kabatini, milango ya buluu, kanisa lenye kuba, na ufukwe wa changarawe wenye meza chache na viti vya kulalia. Kimya. Hata mbwa alibweka mara moja akaona inatosha.

Mwanamke mnene wa nguo nyeusi akamjia mbio, mikono wazi, machozi yanamtoka. "Ela! Ela!"

Catheline akasimama. Hata salamu bado, nadaiwa hela! Akafungua mkoba. Yule mama akausukuma mkoba, akacheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia mpaka koti likatoa vumbi la Kyela. Kumbe kwao ela ni njoo.

Nyuma ya mama mkwe walisimama wazee wawili. Mmoja alikuwa peku, kaptura imepauka, shati halina vifungo. Huyo hakungoja kuambiwa, alichukua sanduku la mgeni akalitupa begani. Wa pili alisimama mbele ya watu wote: kanzu nyeusi mpaka chini, ndevu nyeupe mpaka kifuani, kofia ndefu, msalaba wa fedha. Watu walimpisha. Mama mkwe akamwonyesha kwa mkono, kwa heshima kubwa: "O papas."

Papas! Hilo nalo lilihitaji mkalimani? Baba ni baba, wamelivalisha tu herufi mbili za kwao. Na kwamba alikuwa mtu wa dini halikumshangaza. Kwetu wachungaji wana wake na watoto wengi tu. Yule mzee wa kanzu akapanua mikono, akamjia. Catheline aligeuka, koti na vyote, akajitosa nyuma ya rundo la nyavu, akachuchumaa, uso ukutani.

Mzee wa kanzu alibaki mikono hewani kama mtu anayepimiwa shati.

Aliyecheka kwanza ni yule peku. Alizunguka nyavu, akalitua sanduku, akamnyooshea tini mbivu aliyoitoa mfukoni. Catheline akaipokea. Kwa huyo hakuwa na wasiwasi wowote. Kwetu baba mkwe akionekana amebeba sanduku la mkamwana, wazee wanaitwa kwenye kikao. Huyu alikuwa mtumishi.

"Manoli," mzee akasema, akijigonga kifua.

"Catheline."

Na hivyo ndivyo alivyoingia.

Nyumba ya kina Lefteris ilikuwa juu ya ufukwe kabisa, vyumba vinne vya kupangisha, na mbele yake mzabibu umetandazwa juu ya meza za kulia. Kiangazi wageni ndio hulala vyumbani, wenyewe hujibana. Mama mkwe alilala jikoni, Manoli alilala kwenye banda la boti. Catheline aliona hilo akathibitisha: mtumishi. Tena anawapelekea wageni samaki mezani, anafuta meza, anakula amesimama. Mzee wa watu, akajisemea, umri huo bado anatumikishwa.

Asubuhi ya kwanza aliamka mapema, akachukua ndoo, akateremka majini kuchota ya chai. Mtoto wa ziwa akishika ndoo anajua pa kwenda. Dar alilala usiku mmoja tu, pwani hakufika, na habari za maji ya chumvi alizisoma shuleni akazisahau. Manoli alimwona kutoka kwenye boti yake. Hakumzuia. Alingoja chai iive, akasogea mezani, akanywa kikombe chote bila kukunja uso, kisha akasema neno moja la kwao na kutikisa kichwa kwa kusifu. Catheline akanywa yake. Akatema mpaka kwa jirani. Mzee akalia kwa kicheko, na urafiki ukaanzia hapo.

Lugha hawakuwa nayo, lakini mtu mwenye maswali hashindwi na lugha. Anaonyesha kidole. Manoli akataja, naye akarudia. Alimwona pweza kwa mara ya kwanza, anapigwapigwa kwenye jiwe mpaka alainike. "Mwee! Kinyama gani hiki, kina mikono mingi kuliko kamati ya harusi?" Alitaka kujua macho yake yako wapi, anazaaje, anatafuta nini kwenye mawe. Manoli alimjibu kwa mikono, kwa mabega, kwa kuchora kwenye changarawe. Siku moja alimpandisha kwenye boti, akamshika mkono asiteleze, akamwonyesha chini, kwenye maji safi kama kioo cha taa, pweza mzima anajenga ukuta wa mawe mbele ya mlango wake. Catheline alisahau hata kichefuchefu cha mimba. Naye akamfundisha mzee kusema "ndaga", yaani asante, na mzee akawa anawaambia wageni ndaga kila wakilipa, wageni wakadhani ni Kigiriki.

Wageni wenyewe aliwajua. Wale wale wa Matema. Wanalala juani kifudifudi, wanageuzwa na jua, wanalala chali. Tofauti ni kwamba huku wanawake walivua na juu. Catheline alimwuliza mama mkwe kwa kidole: hawa wameibiwa? Mama mkwe akajibu "ne", ambayo ni ndiyo, ila yeye kila akiuliza alisikia nne. Alihesabu nne nyingi siku zile.

Tatizo lilikuwa papas.

Papas alikuwa kila mahali. Anatoka kanisani, Catheline anaingia kwa muuza mikate. Anakuja dukani, Catheline anatokea dirishani. Jambo moja tu lilimpa moyo: yule mzee hakuwahi kulala nyumbani. Mkwe mwenye adabu, akawaza, amenipisha nyumba. Halafu akagundua anakolala. Jirani na kanisa kulikuwa na nyumba, na mlangoni mama mmoja mwembamba, anampokea papas kofia na kumpa maji.

Nyumba ndogo! Catheline alishika kiuno. Mtu wa Mungu, tena mchana kweupe, na mke wake wa ndoa analala jikoni! Tangu hapo alimhurumia mama mkwe mpaka akawa anamwoshea vyombo vyote, na yule mama mwembamba alipopita na keki kwenye sahani kumkaribisha mgeni, Catheline aliitazama ile keki kama imeokotwa jalalani, akaingia ndani.

Siku ya Jumatatu papas alikuja na maji ya baraka na shada la mrehani. Alikuwa amepanga kubariki ndoa yao kanisani Jumapili, Lefteris akishafika, na alitaka kwanza kumwombea bibi harusi. Catheline alikuwa anaanika mashuka. Aliona pindo la kanzu chini ya shuka. Hakungoja kuona viatu. Aliruka ukuta wa mawe, mjamzito yule, akaangukia kwenye banda la kuku la jirani, na alipotoka upande wa pili alikuwa na manyoya kichwani.

Hapo wanawake wa kijiji wakasema walichokuwa wanakifikiria. Anaogopa msalaba. Papas mwenyewe, kwa huzuni, alimwambia mama mkwe kwamba hawezi kumbariki mtu anayekimbia maji ya baraka. Kwanza ajue ana nini. Mama mkwe akalia, akamtemea Catheline mate kidogo kifuani mara kadhaa, kuondoa kijicho, na akamfunga shanga ya buluu yenye jicho. Catheline alidhani ni zawadi. Akashukuru.

Lefteris alishuka na meli ya Jumanne mchana. Mama yake alimpokea gatini na machozi yale yale ila ya aina nyingine, akamsimulia njia nzima. Alipofika chini ya mzabibu alimkuta mkewe na Manoli wanaparua samaki, wanakula zabibu kwenye bakuli moja, na mzee amejivika pweza kichwani kama wigi ili amchekeshe.

"Catheline," Lefteris akasema kwa Kiswahili chake cha bandarini, "wewe iko na nini na padri?"

"Padri gani?"

"Papas! Mama anasema unamkimbia kama mwizi."

"Si baba yako yule? Ulitaka nimkumbatie?"

"Baba yangu?" Lefteris alimtazama mkewe, akamtazama mzee, akakaa chini kwenye changarawe. "Catheline. Papas ni padri. Watu wote wanamwita hivyo. Baba yangu ni huyu."

"Yupi?"

"Huyu ya pweza."

Catheline hakupiga kelele. Aliweka kisu chini taratibu, akajifunika uso kwa kanga, akatembea kinyumenyume mpaka chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo.

Aliniambia baadaye kwamba alikaa kitandani akishika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chungu kwenye matope. Alijitajia makosa yake. Amekula naye bakuli moja. Ameshikwa mkono. Amempiga mzee mgongo siku alipopaliwa na mwiba. Na jina! Jina la mkwe, ambalo mama yake asingelitamka hata ndotoni, yeye amelitaja asubuhi mpaka jioni mpaka limechakaa. Mimba ya kwanza ilitoka na hakuwa amefanya lolote. Hii je?

Nje, mzee alikuja akakaa chini ya dirisha, mgongo ukutani. Baba na mwana waliongea kwa lugha yao, na Lefteris akawa anatafsiri kwa sauti, maana mzee alitaka mkamwana wake asikie kila neno.

"Anauliza amekukosea nini."

"Mweleze," Catheline akasema kutoka ndani. "Ulisema utamweleza. Mweleze sasa."

Lefteris alieleza. Alipofika kwenye mahindi na kujificha akaanza kucheka, na hapo kikasikika kishindo: mzee alikuwa amemchapa na kofia yake mbichi.

"Anasema nisicheke jambo la mtoto," Lefteris akatafsiri, sauti imeshuka. "Anasema, mama yangu alipokuwa na mimba yangu alitundika vitunguu saumu kitandani miezi yote, nyumba ikanuka kama jiko la kambi. Anasema yeye hakucheka."

Kisha mzee akauliza tena.

"Anauliza, je, akikuona wewe, au wewe ukimwona yeye? Mtoto anaumizwa na macho ya nani?"

Catheline alishangaa. Mzee anauliza kama yeye! "Macho yangu," akajibu. "Mimi ndiye mwenye kuogopa."

"Basi anasema hutamwona tena. Yeye mzee, anaweza kungoja. Mtoto hawezi."

Na alitimiza. Manoli alihamia bandani kabisa, mchana na usiku. Akitaka kwenda kwenye boti alianza kuimba tangu mlangoni, kwa sauti mbaya sana, ili mkamwana apate muda wa kujificha. Kijiji kikaingia kazini. Akipita njiani, wanawake madirishani wanapokezana: "Manoli! Manoli!" Catheline anasikia kutoka mbali, anaingia ndani. Wageni wa ufukweni wakadhani ni mchezo wa kienyeji, wakawa wanapiga makofi. Papas alipoelezwa alicheka mpaka kofia ikamtoka, akasema Jumapili aje tu, kanisa halina neno naye. Yule mama mwembamba, mke wake wa ndoa miaka yote hiyo, akaleta keki ya pili. Catheline aliila yote, na kila tonge lilipita kooni na aibu yake.

Kila kitu sasa kilikuwa kama mama mkubwa alivyotaka. Ila mezani, chini ya mzabibu, kiti kimoja kilikuwa kitupu. Mama mkwe alibeba sahani iliyofunikwa kwenda bandani, akairudisha nusu. Jioni ya Jumamosi aliirudisha nzima, na kichwa cha samaki juu yake hakikuguswa.

Catheline aliitazama ile sahani muda mrefu. Na hapo, kwa mara ya kwanza, akalifanyia jambo la ukutila kile alichoufanyia mpunga, kakao na Yona. Aliuliza. Moyoni akasema: siku zote nilizomtazama mzee, tumbo lilitulia, nilikula, nililala kama gogo. Tangu niache kumtazama silali. Sasa kati ya mimi na mama yangu, na huyu mzee aliyejifungia kwenye nyumba yake mwenyewe kwa ajili ya mtoto asiyemjua, anayemlinda mtoto huyu ni nani? Jibu halikuja lote. Alisema lilikuja kama robo hivi. Hofu ilikuwa bado ipo. Alichukua sahani akaenda hivyo hivyo, na hofu yake.

Banda lilikuwa wazi. Mzee alikuwa anashona wavu, akaona kivuli cha kanga sakafuni. Kabla Catheline hajafika mlangoni, Manoli aliangusha wavu, akageukia ukutani, akafunika uso kwa viganja. Hakutosheka, akafumba na macho humo ndani ya viganja, kwa nguvu, mpaka mabega yakapanda.

"Manoli," Catheline akasema.

Mzee akatikisa kichwa, hapana, hapana.

Akaweka sahani chini. Akamzunguka, akapiga magoti mbele yake kama mkamwana wa kwetu anavyopaswa kupiga magoti, na akaanza kuvitoa vile viganja, kimoja, kisha kingine. Vilikuwa vizito, vina magamba ya samaki. Mzee aliendelea kufumba. Machozi yalikuwa yanajipenyeza pembeni.

"Manoli. Ela," akasema.

Ndipo alipofumbua.

Jumapili walibarikiwa, na Manoli alikaa mstari wa mbele na shati lenye vifungo vyote.

Walirudi Kyela kabla tumbo halijawa zito. Mama mkubwa alimpokea na swali moja: "Ulimheshimu?" Catheline akajibu, "Nilimheshimu, mama." Hakuongeza, na mimi niliyekuwa nimeshasimuliwa nikatazama pembeni. Miezi yote iliyobaki mama mkubwa akawa anauliza hivyo hivyo, naye anajibu hivyo hivyo, na kila likipita swali Catheline alikonda kidogo.

Mtoto wa kike alizaliwa wakati wa mvua kubwa, mzima, mkelele, pua ya kwao Lefteris. Mama mkubwa akaja kumwogesha. Maji yamepashwa, beseni liko tayari, na mimi nimeshika taulo. Akanyoosha mikono kumpokea.

"Mama, ngoja kwanza," Catheline akasema. "Nilimtazama."

Mikono ya mama mkubwa ikarudi mapajani.

Akasimulia yote, hapo hapo kitandani, mtoto kifuani. Papas, keki, pweza, bakuli la zabibu. Uso wa mama mkubwa ulifungwa kama duka siku ya sikukuu. Maji yakaanza kupoa. Catheline akafika bandani, akasimulia kivuli cha kanga na mzee alivyojigeuza ukutani.

"Subiri hapo," mama mkubwa akasema. "Alifunika uso nani?"

"Yeye."

"Mwanamume? Mkwe?"

"Yeye, mama."

"Kwa mkono mmoja au miwili?"

"Miwili. Na ndani yake akafumba."

Mama mkubwa alikaa akilitafuna hilo. Alijaribu mwenyewe, akafunika uso kwa viganja viwili, akapandisha mabega, akabaki hivyo kidogo kama anayepima nguo ya mtu mwingine mwilini mwake.

"Basi kuogopa kulikuwepo," akasema alipofunua. "Mmoja wenu aliogopa. Sikujua kama mwanamume anaweza." Akachovya kiwiko kwenye beseni. "Haya, ongezeni maji ya moto, haya yamepoa. Nipe mtoto."